Resini Iliyokataa Kukauka: Uzoefu Wangu na Duka Moja la Faiba Mjini

Nimekaa na hasira hii tangu masika yaliyopita, nikajizuia kuandika kwa sababu sipendi kumharibia mtu riziki yake, na ndiyo maana duka lenyewe sitalitaja jina wala mtaa. Itoshe kusema kwamba lipo Mjini Unguja, linauza resini (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu), mikeka ya faiba (nyuzi za kioo za kujengea boti), rangi za vyombo na vipuri vidogo vidogo vya mashine za boti, na kwamba niliingia humo kwa adabu nikatoka nimedhalilishwa, tena mara mbili. Ninayoyaeleza yamenipata mwenyewe nilipokuwa nikifufua boti kuukuu uani kwangu Kidoti kwa pesa za mwani, na atakayesoma ataamua kwenda au kutokwenda. Mimi ninasema asiende.

Boti tuliinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu waliokuwa wakichukulia watalii, baada ya kulala ufukweni misimu miwili chini ya mkungu, mvua ikiijaza na kaa wakiifanya nyumba. Sisi wanawake wa mwani tunaihitaji kwa sababu moja tu. Kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, haustahimili tena maji ya kina kifupi. Yakipata joto hugeuka mweupe na kukatikia mikononi, na anayeutaka sharti aufuate kwenye kina, mahali ambapo huwezi kwenda kwa miguu maji yakipwa, kama walivyokwenda mama zetu tangu kilimo hiki kilipoanza kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Spinosamu, mwani wa aina ya pili, bado inaota karibu na pwani, lakini bei yake haimtoi mtu kwenye deni.

Mwili wa boti ulikuwa mzima. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye tezi, ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Kwa nje ulionekana mzuri, lakini nilipougonga kwa nyundo ulijibu kwa sauti ya boga, na nilipoutoboa kwa drili maji meusi yenye harufu ya kinamasi yalichuruzika mpaka miguuni kwangu. Aliyefunga mashine zamani alitoboa matundu ya bolti akayaacha bila kuyaziba, na maji ya chumvi yakaingia kidogo kidogo kwa miaka mpaka plaiwudi ya ndani ikaoza yote. Tulikata ngozi ya ndani kwa grenda, tukaichimbua mbao iliyooza kwa patasi, tukaiacha ngozi ya nje isimame peke yake iwe kalibu yetu. Vumbi la faiba linawasha kuliko upupu. Nilijifunga mtandio uliolowa maji usoni na bado nilikesha nikijikuna. Hayo sikuyalalamikia. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mashua, nilikua nikimpelekea uji huku akikalafati, kwa hiyo chombo kilichofumuliwa hakinitishi.

Mjini nilikwenda na mwanangu wa darasa la saba, kwa daladala ya alfajiri. Nilipoingia dukani nilitoa salamu. Kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta hakuitika. Nikadhani hakusikia, nikarudia, "Assalaamu alaykum," naye akainua macho kutoka kwenye simu, akanipita mimi, akamwuliza mwanangu, mtoto mdogo, "Mnataka nini?" Hapa kwetu mtu anaweza kukudai, kukugombeza, hata kukunyima, lakini salamu huiitika kwanza. Nilimeza, nikamweleza kazi niliyo nayo. Akasema, "Haya si mambo ya jikoni, bi mkubwa. Mwambie fundi wako aje." Nilimjibu kwamba fundi ni mimi. Alicheka, akafungua bomba la pipa, akanijazia dumu la lita kumi la resini, akanikatia mkeka, na hadina, dawa ya kuigandisha resini, akaimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa ambayo bado ilikuwa na karatasi yake. Nilipomwuliza hadina hutiwa kiasi gani, alisema, "Kidogo tu." Hakuandika chochote popote. Nililipa.

Kipimo nilikitafuta mwenyewe: gramu 10 hadi 20 za hadina kwa kila kilo moja ya resini, na kwa joto la kwetu kile cha chini mara nyingi hutosha. Nilipima kwa bomba la sindano ili nisikosee. Tulisimamisha plaiwudi mpya, vipande viwili vilivyobandikwa pamoja, tukalaza mkeka wa kwanza, nikaulowesha kwa brashi mpaka weupe wake ukatoweka na mbao ikaonekana kwa chini kama kitu kilichozama kwenye maji safi. Tukalaza wa pili, tukalaza wa tatu. Zikapita dakika 20, muda ambao resini huwa imeshaanza kuganda. Ikapita saa nzima. Adhuhuri ikaingia, nikaenda kuswali, nikarudi, nikaibonyeza kwa dole gumba, na alama ya dole langu ikabaki pale na mistari yake yote kama kwenye hati ya mkopo.

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu tezi yote ilikuwa ulimbo. Nzi, majani ya mwembe na mjusi mmoja mdogo walikuwa wamenasa humo. Nilijilaumu. Nilisema ni unyevu wa masika, nikasema labda nimekosea kupima. Najua kwamba resini ya namna hii hubaki ikinata kidogo juu, pale inapoguswa na hewa, hata kama ndani imekwisha kukauka, lakini hii ukucha ulizama mpaka kwenye mbao. Siku nne tuliikwangua, mimi na kaka yangu, kwa patasi na asetoni, kwa sababu msasa uliziba tangu mguso wa kwanza. Mkeka wote ulipotea, plaiwudi ikachunika, na patasi ya baba ikavunjika ncha. Mpini wa patasi ile aliuchonga mwenyewe.

Nilirudi Mjini na kipande cha ule ulimbo. Nilisalimu, hakuitika. Nikakiweka kipande juu ya kaunta. Alikigusa kwa ncha ya kalamu, akasema bila kunitazama, "Hukutia kobalti."

"Kobalti ndiyo nini?"

"Ile ya zambarau. Resini hii haiji nayo, lazima uitie mwenyewe."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza. Akasema, "Hukuuliza."

Neno hilo moja nimelirudia kichwani nikikanda unga, nikifunga mwani kwenye kamba, hata katika swala, Mungu anisamehe. Ningeulizaje kitu nisichojua kuwa kipo? Yeye alijua kwamba hadina bila kobalti haiwezi kuigandisha resini ile katika joto la kawaida, hata ungengoja mwezi, na bado alinitazama nikihesabu noti, akanyamaza. Dini tunayoifuata sote imemkataza muuzaji kuficha kasoro ya bidhaa yake. Na hili si jambo la pesa peke yake. Kama resini ingeganda nusu tu, ikanidanganya, ningefunga mashine na kupakia wanawake sita na mwani wao mbichi, nikaelekea kwenye kina. Sisi wa huku kaskazini, ambao meli ya MV Spice Islander I ilizama mbele ya pwani yetu ya Nungwi mwezi Septemba 2011 ikielekea Pemba, hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kisichofaa.

Alinipa kobalti ndani ya chupa nyingine ya maji ya kunywa, sawa kabisa na ile ya hadina, akanijazia na hadina mpya, akazitia zote mbili katika kikapu chetu cha ukindu, zikagusana ubavu kwa ubavu. Mwanangu alikipakata kikapu hicho kutoka Darajani mpaka Kidoti, ndani ya daladala iliyojaa watu.

Kesho yake alikuja mzee mmoja wa Nungwi, fundi wa boti za faiba, ambaye nilimwomba anielekeze. Alipochungulia kikapuni hakusema neno. Alitoa chupa moja, akaenda nayo mpaka kwenye mnazi wa mwisho, akaiweka kivulini. Akarudi, akaichukua ya pili, akaipeleka upande wa kisima. Ndipo akaniuliza, "Mwanangu, nani kakupakilia hivi?" Alinieleza kwamba hadina na kobalti zikikutana zenyewe kwa zenyewe huwaka kwa nguvu, hata kulipuka, kwamba hadina ikimrukia mtu machoni inaweza kumpofua, kwamba kobalti hutiwa kwenye resini kwanza, kidogo sana, ikakorogwa mpaka rangi ienee kote, na hadina hufuata baadaye. Nilikaa kitako mchangani. Niliwaza tundu moja la mwiba kwenye chupa zile. Kisha nikawaza jambo baya zaidi, kwamba hadina haina rangi, ukiitazama ni maji, nayo ilikuwa ndani ya chupa ya maji, mapajani mwa mtoto ambaye hakuwa amekunywa kitu tangu asubuhi.

Haki nayo isemwe. Mzee alichanganya resini kidogo kwenye kikopo cha maziwa, kwa mpango aliouagiza, akanipa nikishike. Kilianza na uvuguvugu, kikapata moto, resini ikawa nzito kama asali, kijiti cha kukorogea kikasimama chenyewe katikati, na baadaye tulipokipasua kikopo tulitoa kitu kigumu kama gamba la kobe. Tezi tuliifanya upya kwa siku mbili. Nimeigonga kwa nyundo kila mahali na inalia sauti kavu, kutoka pembe hadi pembe. Matundu ya bolti tuliyapaka resini kwa ndani kabla ya kufunga mashine ya farasi 25, na maji ya bamvua yalipojaa tuliishusha, tukaenda hadi karibu na Tumbatu na kurudi, nikiwa nimeukazia macho ule ukuta njia nzima. Haukutikisika, wala haukutoa tone. Kwa hiyo kama swali ni resini, jibu langu ni kwamba ni nzuri sana, na kwa bei ile sijaipata mahali pengine. Siku hiyo, nguo zikiwa bado zimelowa, nilikuwa tayari kuandika kwamba nendeni dukani pale, ila mwende mkijua la kuuliza.

Na moyo wangu ulilainika zaidi pale mwenye duka mwenyewe aliponipigia simu, baada ya jamaa yangu mmoja kumfikishia habari. Ni mtu mzima. Salamu yangu aliiitika yote, mpaka "wabarakatuh", akaniomba radhi na kunirudishia fedha za mkeka ulioharibika. Niliguswa. Nikasema huenda yule kijana siku zile alikuwa na mazito yake nyumbani, na kwamba mtu hahukumiwi kwa neno moja. Nilimwomba mwenye duka jambo moja tu, kila chupa iandikwe kilichomo. Akasema inshallah, wiki hiyo hiyo zitaandikwa.

Hivi karibuni nilimtuma kaka yangu akaninunulie hadina na resini ya kumalizia sakafu ya omo, upande wa mbele wa boti. Alirudi na chupa ya maji ya kunywa isiyo na alama hata moja. Nilimwuliza alipokelewaje. Alisema yule kijana alimwitikia salamu vizuri kabisa, akamwita kaka, akamweleza habari ya kobalti bila ya kuulizwa, hata akampa na kiti.

Basi nilichokisema mwanzo nakirudia, na sasa nakisema nikiwa nimetulia. Anajua kuitika salamu, anajua kueleza, na mimi alininyima yote mawili kwa kuwa ni mwanamke niliyeshika mkono wa mtoto. Radhi ya mwenye duka naihesabu, lakini radhi aliiomba kwa maneno, na chupa bado hazijaandikwa. Mwanamke mwenzangu anayefikiria kwenda pale peke yake, na anayekwenda na mtoto, nawaomba wasiende. Anayelazimika kwenda achukue chupa zake mwenyewe kutoka nyumbani, mbili zisizofanana, zisizowahi kutiwa kitu cha kunywa, na vikapu viwili.

Za kwangu nimeziandika kwa rangi nyekundu iliyobaki ya boti, HADINA na KOBALTI, kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka kutoka mlangoni. Moja iko kwenye kona yenye ubaridi ya ghala letu la mwani, na ufunguo ninao mimi. Nyingine iko kwa kaka yangu, nyumba ya tatu.