Lenzi ya Sigma 18-50 au Tamron 17-70 kwa kamera ya Sony a6400?

Zote mbili zilitoka 2021, zote zina tundu la mwanga la f/2.8 mwanzo hadi mwisho wa zumu, na zote ni nafuu kuliko 16-55 ya Sony wenyewe. Tofauti utaisikia mkononi. Sigma ina kama gramu 290. Tamron 525, nzito kuliko hata kamera, ambayo ni gramu 403. Ukiivaa shingoni kamera inainamia mbele, na harusi ikifika saa ya tatu shingo inaanza kudai haki yake.

Lakini a6400 haina kizuia mtikisiko ndani. Tamron inacho, Sigma haina. Kwa anayerekodi video kamera ikiwa mkononi, mjadala umekwisha hapo. Tamron pia inafika milimita 70: unaupata uso wa bibi harusi bila kumkanyaga shehe.

Mimi nilichukua Sigma. Napiga zaidi mtaani na vyakula, na kwenye milimita 18 inalenga kitu kilicho sentimita 12 tu kutoka kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha. Kitumbua karibu kiguse kioo. Bei yake pia iko chini, na chenji ilinunua betri ya akiba.