Jane Eyre: hajithamini, au anajilinda?

Wapenzi wa Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847, wana kambi mbili kuhusu jinsi Jane anavyojiona.

Ya kwanza inamwona msichana aliyevunjwa moyo mapema: yatima, kalelewa na mke wa mjomba asiyempenda, kisha kapelekwa shule ya Lowood yenye njaa na baridi. Ushahidi wao mkubwa ni zile picha. Akisikia sifa za uzuri wa Blanche Ingram, binti wa tabaka la juu anayeonekana kumfaa Rochester, bwana aliyemwajiri Jane, Jane anajichora mwenyewe bila kuficha kasoro hata moja, halafu anamchora Blanche kwa rangi zake bora, na hata hajawahi kumwona! Huko ni kujitesa, wanasema.

Kambi ya pili inazisoma picha hizohizo kama breki. Jane ameshaanza kumpenda Rochester, na anajua kwamba mwalimu wa nyumbani asiye na mali akijidanganya ataumia peke yake. (Mimi niko huku, ingawa sikatai kwamba breki yenyewe imetengenezwa na woga.) Baadaye, wakiwa wachumba, anakataa hariri na vito vya Rochester, na akigundua bwana huyo ana mke tayari, anaondoka. Asiyejithamini angebaki.

Wa kwanza hujibu kwamba alirudi baada ya kurithi mali, yaani alihitaji fedha ndipo ajione sawa naye. Hoja nzuri. Ila urithi ule wa pauni 20,000 aligawana na binamu zake watatu, akabaki na 5,000.