Weka rula kwanza: mawe ya kunolea niliyotumia, kuanzia ninalolipenda zaidi

Mwezi wa nne niliharibu wembe wa babu kwa kuunoa. Ni wembe wa kukunja, wa Solingen Ujerumani, mpini mweusi, babu alikuwa kinyozi Tanga na alinyolea watu huo huo miaka na miaka mpaka mikono ikaanza kutetemeka, ndo akanipa mimi kwa sababu ndo mjukuu niliyekuwa nakaa naye barazani akiupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Jiwe lenyewe nilinunua mtandaoni, la pande mbili, upande mmoja namba 3000 na mwingine 8000 (namba ikiwa kubwa ndo punje za jiwe zinakuwa ndogo), boksi zuri, maelezo "original kabisa kutoka Japani", elfu thelathini na tano. Nikanoa jioni nzima. Jumamosi mjomba akaja kunyolewa kama kawaida yake, ncha inakata vizuri, kule shinani inakata vizuri, ikifika katikati inavuta nywele mpaka machozi yanamtoka. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, huu sio wembe wa baba ninaoujua mimi."

Iliniuma sana. Usiku nikachukua rula ya chuma nikaisimamisha juu ya jiwe, nikawasha taa ya simu kwa nyuma. Mwanga ukapita chini ya rula katikati kama mwanga unavyopita chini ya mlango. Nikageuza upande wa pili, rula ikawa inabembea, imekaa juu ya mgongo. Yaani jiwe zima limejipinda kama ubao ulioachwa juani, upande wa 3000 una shimo, upande wa 8000 una kilima, na jiwe halina hata wiki mbili.

Basi mwongozo huu wote ni wa kitu kimoja, jiwe limenyooka au halijanyooka, na likinyooshwa linakaa muda gani kabla halijabonyea tena. Mambo ya namba ngapi, rangi gani, linakuja na kishikio cha mianzi au cha plastiki, hayo mtayasoma kwingine, kila mtu anayaandika. Hili la unyoofu haliandikwi na ndo linaloharibu visu vya watu.

Kwa nini wembe unateseka kuliko kisu? Wembe wa kukunja unanolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe kwa pamoja, na ule mgongo ndo unaopanga pembe, wewe mkono wako haupangi chochote. Sasa makali yana kama sentimita saba, jiwe langu lina upana wa sentimita sita na lina shimo katikati, maana yake wembe unakanyaga kingo mbili za jiwe tu na pale katikati unaelea hewani. Unaweza kusugua mpaka asubuhi, katikati hakuguswi. Kisu cha jikoni kinavumilia kwa sababu mkono unacheza cheza, lakini nacho kinalipa baadae. Kuna dada msomaji aliniandikia kwamba akikata karoti hazitengani, zinabaki zimeshikana kama shanga, kisu kinakata karatasi vizuri kabisa lakini kwenye kibao hapana. Nikamwambia dada weka makali ya kisu juu ya meza halafu angalia kwa chini. Akaona uwazi. Jiwe lake lina mgongo, na jiwe lenye mgongo linachimba makali taratibu mpaka yanakuwa na bonde, halafu hilo bonde haligusi kibao, ndo pale ngozi ya karoti inabaki haijakatika.

Haya, mawe yenyewe.

Namba moja, na sitajifanya sina upande, ni Shapton Kuromaku, la Japani, namba 1000, lile la rangi ya chungwa. Ningekuwa na hela ya jiwe moja tu maishani ningenunua hilo. Ni gumu, na ugumu wake ndo ninaoupenda, kwa sababu jiwe gumu linachelewa kubonyea. Mimi la kwangu nanolea visu vyangu vya jikoni, vya mama, vya jirani mwenye mgahawa, nalipima kwa rula kila baada ya siku chache na mara nyingi nakuta mwanga haupiti. Haliloweki, unalinyunyizia maji tu unaanza kazi, tena usiliache kwenye beseni la maji masaa na masaa na usilianike juani, kaushia kivulini. Linakuja kwenye boksi la plastiki lenye matundu ambalo ukiligeuza linakuwa kishikio. Wapo wanaolalamika kwamba ukisugua unahisi kama unasugua kigae, halina ule ulaini wa tope, ni kweli, lakini mimi sinunui jiwe kwa ajili ya kujisikia vizuri mkononi. Unene wake ni milimita 15 na kwa matumizi ya nyumbani litakaa sana. Ukishalizoea hilo 1000, ongeza la 5000 kwa ajili ya kumalizia. Na hata hili usiliamini moja kwa moja kutoka kwenye boksi, lisawazishe kwanza, nitaeleza chini.

La pili sio jiwe, ni bamba la almasi. Chuma kilichonyooka kimepakwa punje za almasi juu, kwa hiyo halibonyei kama jiwe linavyobonyea. DMT wa Marekani wanatumia rangi, bluu ni punje za mikroni 45 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), nyekundu 25, kijani 9, hii naipenda kwa sababu wanakutajia ukubwa wa punje wenyewe badala ya namba za kupendeza. Atoma la Japani namba 140 ndo wanoaji wengi wanalitumia kusawazishia mawe mengine, na likiisha makali unabandua ile karatasi ya almasi unabandika mpya, bamba linabaki. Nimeliweka la pili kwa sababu moja, linaacha michirizi mirefu, kwenye kisu cha nyama sio ishu lakini kwenye wembe unaoenda kugusa shingo ya mtu hapana. Na usikandamize! Punje zinang'oka. Acha uzito wa kisu ufanye kazi.

La tatu King la 1000 na 6000, jiwe wengi wetu tumeanzia hapo na nalipenda. Ule upande wa 1000 unauloweka dakika kumi hivi mpaka viputo viishe, wa 6000 unanyunyizia tu. Linatoa tope laini, linafundisha mkono, unasikia kabisa kisu kinavyoliwa. Lakini ni laini na linabonyea haraka. Ukinoa visu vitatu vinne mfululizo chora mistari ya penseli juu yake uone mwenyewe. Kama wewe ni mtu wa kusawazisha kila baada ya kazi, chukua bila wasiwasi. Kama unajijua utasema "nitafanya kesho", usichukue.

Norton India, la Marekani, lile la rangi ya kahawia ya udongo, la mafuta. Linabonyea polepole sana, unaweza kumwachia mtoto wako. Kwa visu vya chuma cha kawaida kama Victorinox linatosha kabisa, na mimi ningemshauri mama mwenye kisu kimoja achukue hili kuliko kuhangaika na mawe ya maji. Tumia mafuta ya cherehani. Usitumie ya kupikia, yanaganda, yanaziba jiwe na linakuwa linateleza kama sabuni. Ubaya wake ni kwamba likishabonyea, kulinyoosha ni kazi ya siku nzima kwa sababu ya ule ugumu.

Halafu kuna coticule, jiwe la asili la Ubelgiji, linachimbwa milima ya Ardennes, la manjano, kazi yake inafanywa na vijipunje vya ganeti, madini magumu, vilivyomo ndani yake. Hili ni la wenye nyembe. Unaanza na tope zito kama uji, halafu unaongeza maji tone kwa tone kila baada ya mizunguko kadhaa mpaka unamalizia na maji matupu, na makali yake ni laini kwenye ngozi, mjomba ananiambia hasikii mwasho hata baada ya kupaka spiriti. Bei yake inauma, na kwa kuwa ni la asili hakuna mawili yanayofanana, ndo maana nimeliweka huku chini.

Ya bei rahisi: lile jiwe jeusi la hardware linafaa panga na jembe. Vile vya kuburuta kisu katikati ya vidude viwili vinachuna chuma, acha.

Sasa kusawazisha. Nenda kwa fundi vioo umwombe kipande cha kioo cha milimita 10, wanavyo mabaki. Usitumie kigae cha sakafuni, kati ya vitatu nilivyopima mimi, viwili vilikuwa na mgongo. Lowesha kioo, laza juu yake msasa wa maji namba 220, ule wa mafundi rangi za magari. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe lote kama daftari la hesabu, sugua kwa mizunguko, angalia penseli inafutika wapi. Kwenye lile jiwe langu kingo zilifutika mara moja na katikati mistari ikabaki imekaa pale pale, nikabadilisha misasa minne ndo mstari wa mwisho ukafutika. Ukimaliza punguza kidogo kona za jiwe kwa msasa, kona kali zinang'oa makali ya wembe.

Na hapa lazima niseme kuhusu wauzaji kwa sababu nimechoka. Jina la Solingen linalindwa na sheria Ujerumani tangu 1938, huwezi ukaamka tu ukaliandika kwenye kisu chako. Namba za mawe hazina mlinzi wa hivyo huku kwetu, mtu anaandika 8000 basi. Namba 1000 ya msasa wenye herufi P ni punje za kama mikroni 18, namba 1000 ya mawe ya Ulaya yenye herufi F ni kama 4.5, na 1000 ya Japani iko hapo katikati, sasa muulize muuzaji hiyo elfu moja yako ni ipi, anakujibu "ni kali sana dada". Kali nini? Na bei haiandikwi, ni "njoo inboksi", ukienda inboksi anakuuliza kwanza unakaa wapi, ukisema Mikocheni bei inapanda, rafiki yangu wa Mbagala kwa jiwe lile lile aliambiwa bei iliyopungua kwa elfu kumi na mbili. Ukiagiza mwenyewe nje unakutana na kargo wanapima kwa kilo na jiwe ni zito, ukijumlisha na kodi unaweza kulipa usafiri unaokaribia bei ya jiwe. Yule aliyeniuzia nilimtumia picha ya rula na mwanga unavyopita, nikamwomba anirudishie hata nusu, akasoma, akanibloku.

Siku hizi kabla sijatuma hela namwomba muuzaji kitu kimoja, asimamishe rula juu ya jiwe, awashe tochi nyuma, apige picha pande zote mbili, kwa urefu na kwa mshazari. Wanne niliowaomba, watatu hawakujibu. Wa nne, kijana mmoja Kariakoo, alinipigia video kabisa, akageuza jiwe mwenyewe bila kuambiwa, mwanga haukupita. Ndo nilikonunua Shapton 5000. Wembe wa babu ulinichukua jioni tatu kuurudisha, na juzi mjomba alikaa kwenye kiti mpaka nikamaliza mashavu yote mawili na shingo bila kunishika mkono.