LTspice: Wimbi Lililokokotolewa na Wimbi Linalohifadhiwa

LTspice ni programu ya kuiga saketi za elektroniki iliyoandikwa na Mike Engelhardt alipokuwa Linear Technology, na tangu mwaka 2017, kampuni hiyo iliponunuliwa na Analog Devices, imeendelea kutolewa bure. Mapitio haya yanahusu jambo moja tu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama matokeo yake ni ya kuaminika: namna inavyomruhusu mtumiaji kudhibiti wingi wa nukta zinazounda wimbi katika uchanganuzi wa mpito, yaani ule unaoonyesha jinsi volti na mikondo inavyobadilika kadiri muda unavyokwenda.

Programu hii haisogei kwa hatua za muda zilizo sawa. Swichi inapofunga na volti kuruka ghafla, hatua hufupishwa sana, na saketi inapotulia hatua hurefushwa ili kompyuta isipoteze muda kukokotoa mstari ulionyooka. Kigezo cha trtol, kinachoamua ukubwa wa kosa linaloruhusiwa katika kila hatua, na ambacho katika programu nyingi za SPICE (familia ya programu za kuiga saketi) huwa 7, hapa kimewekwa 1, hivyo kosa la kila hatua hubanwa zaidi tangu mwanzo. Kwa saketi za kubadilisha volti kwa swichi, ambazo ndizo zilizokuwa biashara kuu ya Linear Technology, mpango huu hufanya kazi vizuri sana bila kuguswa.

Ugumu huanza kwenye saketi tulivu. Kosa la hatua hukadiriwa kutokana na chaji ya kapasita na sumaku ya koili, kwa hiyo saketi yenye rezista tupu haina kitu cha kuionya programu kwamba hatua imekuwa ndefu mno, na wimbi la saini (sine) linaweza kuchorwa likiwa na pembe. Dawa yake ni namba ya nne katika amri ya .tran, ile inayoanzisha uchanganuzi wa mpito; namba hiyo ndiyo inayoweka ukomo wa juu wa hatua. Ukiandika .tran 0 10m 0 1u kwa wimbi la kilohezi 1, kila mzunguko utakokotolewa kwa nukta zisizopungua 1,000. Namba ya kwanza haisaidii hapa, na wanaotoka ngspice, programu nyingine ya kuiga saketi, wanapaswa kuliangalia hilo kwa makini, kwa sababu kule ukomo usipotajwa huchukuliwa namba hiyo ya kwanza au sehemu ya 50 ya muda wote, ipi iliyo ndogo.

Hata hivyo, kukokotoa nukta nyingi si sawa na kuzihifadhi, na hapa ndipo ninapoilaumu LTspice. Kwa kawaida yake hubana data inapoandika faili: nukta ambazo inaona zinaweza kukisiwa kutokana na jirani zake hutupwa. Kwa jicho, mchoro haubadiliki. Lakini ukibofya kitufe cha kulia juu ya mchoro na kuchagua Mark Data Points, utaona nukta zimesongamana kwenye kona na kuachana mbali kwenye miteremko, na ukipiga FFT (hesabu inayolichambua wimbi katika masafa yake) juu ya data hiyo, programu hulazimika kukisia thamani za katikati, kisha makosa ya kukisia hujitokeza kwenye spektra kama kelele na vilele ambavyo saketi yenyewe haina. Anayepima upotofu wa amplifaya ya sauti anaweza kuilaumu transista isiyo na hatia.

Amri ya .options plotwinsize=0 huzima ubanaji huo, nayo ni ya lazima kabla ya kutumia FFT au .four, amri ya uchanganuzi wa Fourier. Ukiongeza numdgt=7 au zaidi, thamani huhifadhiwa kwa usahihi maradufu (double precision) badala ya tarakimu sita au saba za kawaida. Katika toleo la XVII, mpangilio wa ubanaji unaobadilishwa kwenye paneli ya udhibiti haukumbukwi ukifunga programu, kwa makusudi ya watengenezaji kuwahimiza watu watumie chaguo-msingi. Siafiki uamuzi huo. Afadhali amri iandikwe kwenye mchoro wa saketi wenyewe, ambako itasafiri na faili na kuonekana na kila atakayeifungua.

Gharama yake ni nafasi ya diski. Milisekunde 10 kwa ukomo wa nanosekunde 10 huzaa nukta zisizopungua milioni moja, na kwa kuwa kila thamani ya wimbi huchukua baiti 4, saketi yenye mawimbi 50 hujaza takriban megabaiti 200 kabla hata ya kuhesabu safu ya muda. Kwa kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi huo ni mzigo halisi. Kwa hiyo tumia .save kutaja mawimbi unayoyahitaji tu, na utumie namba ya tatu ya .tran kuruka kipindi cha mwanzo ambacho saketi bado haijatulia. Ukifanya hivyo, LTspice hutoa spektra safi bila kudai senti ya leseni.