Nepenthe ya Julianna Barwick: Koo Moja, Kisha Wenzake

Mtu anayeisikia albamu ya Nepenthe kwa mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba anasikiliza kwaya ya wanawake thelathini waliosimama ndani ya jengo refu la mawe, ilhali sehemu kubwa ya sauti hizo imetoka katika koo moja tu, la mwanamuziki wa Marekani Julianna Barwick, na jengo lenyewe ni kazi ya mitambo. Albamu hii yenye nyimbo 10 ilitolewa Agosti 2013 na lebo ya Dead Oceans. Nimeirudia mara nyingi kuliko albamu nyingine yoyote ya muziki wa ambienti, yaani muziki mtulivu wa kujaza mazingira, niliyo nayo, ingawa nakiri kwamba mwanzoni sikuithamini: niliiacha ipige chinichini huku nikiendelea na kazi zangu, nikaiona kuwa kitu cha kupendeza kisicho na uzito, ikaisha bila mimi kutambua kwamba imekwisha. Ilichukua usiku mmoja wa kukosa usingizi, taa zikiwa zimezimwa na hedifoni zikiwa masikioni, ndipo nikaelewa kwamba kosa lilikuwa langu.

Namna Barwick anavyofanya kazi ni rahisi kueleza, na pengine ndiyo sababu wengi hudhani kwamba ni rahisi kuifanya. Huimba kipande kifupi mbele ya maikrofoni, kifaa cha kunasia sauti hukirudisha kipande hicho tena na tena, naye juu yake huongeza cha pili, kisha cha tatu na cha nne, mpaka sauti yake iwe imejijengea ukuta wa kuegemea. Mara huja piano, mara besi nzito ya kinanda cha kielektroniki, na juu ya vyote hupita mwangwi mrefu unaozilainisha kingo. Alikulia Louisiana na Missouri katika familia ya kanisa, na mtu aliyewahi kusimama safu ya soprano au alto atalitambua hilo mara moja, kwa kuwa nyimbo zake hupandishwa kwa mantiki ya kwaya, sauti moja ikisubiri nyingine itulie kabla ya kuingia. Ndivyo alivyoitengeneza The Magic Place ya mwaka 2011, albamu aliyoipa jina la mti wa utotoni mwake ambao watoto walilazimika kutambaa ili waingie katikati ya matawi yake.

Kwa nini sikio linaupenda mtindo huu? Sababu mojawapo ni ya kimaumbile. Hakuna binadamu anayeweza kuimba noti ileile mara mbili bila kutofautiana hata kidogo, na ikiwa sauti ya kwanza iko kwenye hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, na ya pili kwenye hezi 442, sikio halisikii sauti mbili, bali husikia moja inayopata nguvu na kufifia mara 2 kwa kila sekunde. Weka sauti kumi za namna hiyo pamoja, kila moja ikiwa na hitilafu yake ndogo, na utapata ule mtetemo unaofanana na uso wa maji yaliyoguswa na upepo mwepesi. Kinanda cha kielektroniki kinaweza kuuiga mtetemo huo, na vingi vimetengenezwa vikiwa na kitufe cha kuuiga, lakini huuiga kwa kipimo kisichobadilika, wakati koo la mtu huchoka, hukauka, hupata nguvu mpya, na hitilafu zake hubadilika pamoja nalo.

Sababu ya pili ni mwangwi, ambao una upendeleo. Konsonanti nyingi ni mshindo mfupi, hivyo mkia wa sauti iliyotangulia huzifunika kabla hazijasikika vizuri, lakini irabu hudumu, hukaa hewani na kuungana na irabu nyingine. Hii ndiyo maana maneno hupotea katika muziki huu hata pale mwimbaji alipoyatamka. (Nimewahi kujiuliza Kiswahili, ambacho karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, kingekuwaje katika mwangwi wa aina hii, nadhani kingeelea kwa urahisi, na labda kingebaki kueleweka nusunusu, jambo ambalo lingekuwa tamu zaidi au lingeharibu kila kitu.) Msikilizaji anayesikia sauti ya mtu husubiri maneno, kwa kuwa maisha yake yote sauti ya mtu imemletea maneno. Yasipokuja, huendelea kusubiri kwa muda, kisha huacha, na kuanzia hapo huanza kuisikia sauti yenyewe: pumzi inayovutwa kabla ya noti ya juu, mkwaruzo mdogo wakati wa kushuka, mahali ambapo kipande kilichonaswa huisha na kuanza upya.

Sauti ya kike imekuwamo katika ambienti tangu aina hii ya muziki ilipopata jina. Katika albamu ya mwanamuziki wa Uingereza Brian Eno ya mwaka 1978, Ambient 1: Music for Airports, mna wimbo ulioundwa kwa sauti za kuimba zilizozungushwa kwa kanda za sumaku zenye urefu usiolingana, moja ikirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine baada ya karibu sekunde 26, nyingine baada ya karibu sekunde 30, ili mpangilio wake usijirudie upesi. Wanawake walioimba ni Christa Fast, Christine Gomez na Inge Zeininger, na sidhani kama wapo wengi wanaoyakumbuka majina yao. Baadaye Enya wa Ayalandi aliipanga sauti yake mwenyewe tabaka juu ya tabaka katika Watermark ya mwaka 1988, na Elizabeth Fraser wa kundi la Cocteau Twins la Uskoti akawazoesha mashabiki wake kupenda silabi ambazo mara nyingi hazikuwa neno la lugha yoyote.

Kinachoniudhi katika nyimbo nyingi zilizofuata njia hiyo ni kwamba mwanamume hukaa kwenye mitambo, naye mwanamke huitwa mwishoni aje kutoa "aaa" mbili tatu, kama mtu anayenyunyiza manukato chumbani baada ya samani kupangwa. Barwick ndiye aliyepanga samani. Sauti yake ndiyo msingi, ndiyo kuta, ndiyo paa, na ukiiondoa hakuna wimbo unaobaki. Naamini tofauti hiyo husikika hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu jinsi albamu ilivyotengenezwa, kwa maana sauti iliyoletwa kuwa pambo haina mahali pa kwenda, lakini hii inajua inakoelekea.

Sasa nirudi kwenye Nepenthe yenyewe, kwa sababu ina jambo ambalo The Magic Place haikuwa nalo. Barwick alisafiri hadi Reykjavik, Aisilandi, kuirekodi pamoja na mtayarishaji Alex Somers, na katika kipindi hicho akafiwa na mtu wa familia yake. Yeye ambaye albamu zake alikuwa akizitengeneza peke yake alifungua mlango: wakaingia wapiga nyuzi wa kundi la Amiina, akaingia mpiga gitaa Róbert Sturla Reynisson wa kundi la múm, ikaingia na kwaya ya wasichana. Hapo ndipo albamu hii inapopata siri yake. Msikilizaji ameshazoea kwamba sauti zote ni nakala za Barwick; kisha, bila taarifa, baadhi yake si nakala tena. Mpaka kati ya mtu aliyejizidisha kwa mashine na watu waliokuja kusimama karibu naye unafutika, na sikio haliwezi kuonyesha kwa kidole mahali ulipokuwa. Nimejaribu mara nyingi kuutafuta na nimeshindwa, na sioni haya kusema kwamba kushindwa huko ndiko kunakonirudisha.

Jina la albamu limetoka katika Kigiriki, na kwa hilo nina neno. Katika kitabu cha nne cha Odisei, utenzi wa Homer, Helen huwatilia wageni wake katika divai dawa iitwayo nepenthe, iliyotoka Misri, ambayo anayeinywa hatoi chozi siku nzima hata kama mama yake na baba yake wamefariki. Ni dawa ya kusahau, na muziki huu hausahaulishi. Dawa ya Helen huondoa uchungu kwa kuondoa kumbukumbu ya kilichouleta, lakini kifaa cha Barwick hufanya kinyume chake: hakiachi kitu kiondoke, kila alichokisema hurudi, na kinaporudi hukuta kitu kingine kimeongezwa juu yake. Kama ni tiba, ni tiba ya kukumbuka mpaka kumbukumbu izoeleke.

Wimbo wa kwanza, "Offing", una jina linalomaanisha ile sehemu ya mbali ya bahari inayoonekana na mtu aliyesimama ufukweni, na kweli sauti hutokea kwa mbali na kusogea taratibu, bila haraka yoyote ya kumridhisha mtu. Wimbo wa pili, "The Harbinger", kwa maoni yangu ndio kilele cha albamu, jambo la ajabu kwa wimbo uliowekwa mapema namna hiyo. Piano inatembea kwa hatua nzito, sauti zinaongezeka, na zinapofikia wingi wake wote, kifua hujaa kabla akili haijaamua kama imependa au la. Kisha unakuja "One Half", ambamo maneno yanasikika waziwazi kuliko mahali pengine popote katika albamu, kifungu kimoja kinachorudiwa mpaka kinaanza kupoteza maana na kuwa sauti tupu. Kwa msanii ambaye ametuzoesha kutosubiri maneno, kuyaleta ghafla ni ujasiri. Nilipousikia mara ya kwanza nilijihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati.

Katikati ya albamu pana ulegevu, na sitauficha. Kuanzia "Pyrrhic" hadi "Forever" nyimbo hupanda kwa namna ileile, ukimya, kipande kimoja, vipande vingi, mwangwi, kisha kufifia, na msikilizaji ambaye hajakaa kitako kwa ajili ya muziki peke yake atapotea njia asijue ni wimbo wa ngapi unaopigwa. Wapo watakaosema kwamba kupotea ndiko kunakokusudiwa. Nawasikia, lakini siwakubalii kikamilifu, kwa kuwa "The Harbinger" imetuonyesha kwamba msanii huyu anaweza kutupoteza na kutufikisha kwa wakati mmoja. Aidha, pako mahali ambapo mwangwi umezidi mno, ukaziziba hata zile pumzi nilizozisifu hapo juu, na sauti ikabaki kama picha iliyopigwa kupitia kioo chenye ukungu. Ningependa kioo kifutwe walau mara moja.

Kuhusu namna ya kuisikiliza, ushauri wangu ni wa kivitendo. Spika ndogo ya simu haifai kabisa, kwa sababu hutoa sauti za kati tu na kuzipoteza besi ambazo sauti za juu zimeziegemea, na matokeo yake ni kelele nyembamba inayochosha. Faili za muziki zilizobanwa sana ili ziwe ndogo nazo huudhuru muziki huu kuliko muziki wa ngoma na gitaa, kwa kuwa mkia wa mwangwi unapofifia ndipo ubanaji husikika, ukigeuza ulaini kuwa kitu chenye chembechembe. Hedifoni za kawaida zilizo imara na chumba kilichotulia vinatosha. Jambo jingine ni kuepuka huduma za bure zenye matangazo: katika mojawapo niliyoitumia, sauti ya mwanamume mwenye furaha kupita kiasi ilinipigia kelele kuhusu bima mara tu baada ya "Adventurer of the Family", na ilinichukua siku mbili kujipatanisha na wimbo huo.

Msomaji atauliza aanze na ipi. Healing Is a Miracle, aliyoitoa Barwick mwaka 2020 kupitia lebo ya Ninja Tune, ina besi nzito zaidi na wageni wanaotajwa kwa majina, akiwamo mpiga kinubi Mary Lattimore na mwimbaji Jónsi, na huenda itamfaa zaidi mtu aliyezoea muziki wa kielektroniki wenye mapigo. Anayetaka kumsikia akiwa karibu na upweke wake kamili aende kwenye The Magic Place. Mimi ningemwanzisha na Nepenthe hata hivyo, na ningemwomba asiikatishe kabla ya "Waving to You", wimbo mfupi wa mwisho ambao jina lake ni la mtu anayepunga mkono. Baada ya albamu nzima ya koo lililojizidisha, nyuzi ndizo zinazoshika nafasi ya mbele, na sauti yake, ambayo tulidhani haiwezi kuisha, inarudi nyuma na kuwaachia wenzake wamalizie.