Mbwa wa Nairobi: Nyama Mbichi au Chakula cha Kupika?

Mbwa mzima wa kilo 20 akila mbichi huhitaji gramu 400 hadi 600 kwa siku: nyama na matumbo, shingo za kuku kwa ajili ya mfupa, maini kidogo tu, kama gramu 25. Gesi haitumiki, na shingo mbichi hutafunika vizuri. Ukiichemsha, mfupa hukauka na kuvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Chakula cha kupika ni nafuu zaidi, kwa sababu ugali au wali hujaza hadi nusu ya sufuria; kinachobaki ni matumbo, omena na karoti. Kitunguu usitie kabisa, huharibu damu ya mbwa. Pengo kubwa la chakula hiki ni kalsiamu. Kausha maganda ya mayai, yasage yawe unga laini, kisha tia nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya chakula.

Kwa usalama, kupika kunashinda waziwazi. Maini na mapafu ya mbuzi au kondoo huweza kuwa na vivimbe vya maji vya tegu, aina ya minyoo. Mbwa akivila vibichi, kinyesi chake hutoa mayai ya tegu, na mtoto anayecheza naye anaweza kuota uvimbe huohuo kwenye ini. Nyama iliyopimwa, na minyoo ya mbwa kutibiwa kwa ratiba, hupunguza hatari.

Una friza, bucha unayoiamini, na nyumbani ni watu wazima? Mbichi inawezekana. Stima ikikatika mara kwa mara, au kuna watoto wadogo, washa jiko.