Rigby .275 ya zamani: jina la London, tumbo la Mjerumani

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina simu wala spika ya bluetooth, leo mezani kuna chuma, tena chuma kilichopita miaka 100 na bado kinafanya kazi yake. Niko Uingereza, dukani kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, mwenye mali yupo hapo nyuma ya kamera anakunywa chai na kila nikinyanyua mkono ananikata jicho, chemba tumeikagua mimi na fundi, tupu, magazini tupu, kwa hiyo kaeni kwa amani.

Hii ni bunduki ya kuwindia ya kampuni ya London, John Rigby & Co., kaliba .275, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi, na naileta kwenu kwa sababu watu wengi wakiona neno London limechongwa juu ya mtutu wanaishia hapo hapo, bei inapanda, mikono inatetemeka, basi. Mimi nasema jina la juu ni la mwisho kusomwa. Hii ngoma inasomwa kuanzia chini.

Fundi ametuvulia ile mbao ya kitako, hebu sogeza kamera. Unaona hapa chini ya mtutu na ubavuni mwa mwili wa bunduki, kuna vialama vidogo vidogo hivi, ukipita haraka utadhani ni mikwaruzo. Huyu mwenye taji na herufi GP zilizosokotana, na huyu V mwenye taji, hao ni London, nyumba ya upimaji, yaani ya kujaribu uimara wa bunduki, ya chama cha watengeneza bunduki ambacho kina hati ya kifalme tangu 1637. Halafu huyu mkono ulioshika upanga wa kujipinda, chini yake NP, maana yake bunduki ilipimwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, na alama hiyo ilianza 1904, kwa hiyo tayari tuna mwaka wa kuanzia bila kumuuliza muuzaji neno lolote. Ukikuta bunduki ya Kiingereza ambayo alama zake ni fimbo mbili za kifalme zimekatizana, hiyo imepimwa Birmingham, wao walianza na nyumba yao 1813, na siyo kasoro wala nini, bunduki nyingi nzuri za Uingereza zimezaliwa Birmingham hata zile zilizouzwa London kwenye maduka ya mazulia mekundu.

Sasa raha yenyewe iko hapa. Pembeni ya hizo alama za London kuna taji nyingine, na herufi B, U, na G. Hizo ni za Ujerumani. Yaani huu mwili wa bunduki, hii bolti (chuma kinachosukuma risasi na kufunga chemba), huu mfumo wote wa kukoki ni Mauser 98, muundo wa 1898 wa kampuni ya Kijerumani Mauser, umetoka kiwandani Oberndorf, kule mtoni Neckar, ukasafirishwa mpaka London, Rigby akauchukua akauvalisha suti. Na hakuficha, maana kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 Rigby ndiye alikuwa wakala wa Mauser Uingereza, maduka mengine ya London yakitaka Mauser yanapita kwake.

Na risasi yenyewe hivyo hivyo. Hiyo .275 ni milimita 7 za Mjerumani zimegeuzwa kuwa inchi, piga hesabu mwenyewe, 7 gawanya kwa 25.4. Ni ile 7x57 ya Mauser (upana milimita 7, ganda lake urefu milimita 57) iliyotoka 1892, Rigby mwaka 1907 akaiuza kwa jina lake na risasi nyepesi ya greni 140, kama gramu 9 hivi, inakimbia zaidi. Kinachonichekesha ni kwamba Waingereza waliijua hii 7x57 kwa kupigwa nayo, vita ya Makaburu kule Afrika Kusini 1899 mpaka 1902, Makaburu walikuwa na Mauser za risasi hii hii, na vita ilipoisha tu mabwana wa London wakaanza kuinunua kwa pesa nzuri wakawindie kulungu Scotland. Biashara haina kinyongo aisee.

Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni Muingereza halisi mia kwa mia" mwambie apunguze. Ila pia asije mwingine akakwambia basi ni Mauser tu wameweka jina, maana hapo napo anakosea, na ndiyo sehemu nataka tukae kidogo.

Angalia skrubu. Usicheke, wewe angalia. Hii ya mbele ya triga na hii ya nyuma, ule mfereji wa kuwekea bisibisi umelala sambamba na mtutu, mbele na nyuma, zote mbili. Skrubu haifiki hapo kwa bahati. Fundi wa zamani aliikaza mpaka mwisho, akaona imeishia upande, akaitoa akasaga kidogo chini ya kichwa, akarudisha, akatoa, mpaka ikakaza kabisa na mfereji ukalala anapotaka, halafu ndio ikachorwa nakshi. Na mfereji wenyewe mwembamba kuliko bisibisi yoyote uliyonayo nyumbani, kwa hiyo hapa ndipo unapomkamata mtu aliyefungua bunduki bila vifaa vyake, kingo za mfereji zinakuwa zimetafunwa. Hizi hazijatafunwa. Ukiona skrubu za namna hii ujue bunduki imepita mikono michache, na yenye adabu.

Rangi ya mtutu sasa. Ule weusi wenye ubluu kwa mbali sio rangi ya kupaka, ni kutu. Kutu ya makusudi! Wanapaka dawa, wanaacha chuma kishike kutu taratibu, wanachemsha kwenye maji, kutu nyekundu inageuka nyeusi, wanasugua na brashi laini ya waya, wanarudia tena na tena mpaka weusi uingie. Matokeo yake haung'ai sana, umetulia. Sasa ukikutana na Rigby inawaka waka kwenye taa kama kiatu cha bwana harusi, jua kuna mtu kairudishia rangi juzi juzi kwa njia ya haraka, na mara nyingi kabla ya hiyo rangi walipiga msasa, na msasa ukipita kwenye maandishi, herufi zinalainika kingo. Hapa kwenye mtutu pitisha kucha, JOHN RIGBY & CO., 72 ST JAMES'S STREET, LONDON, kucha inakwama kwenye kila herufi. Hiyo ndiyo tunaitaka. Na hiyo anwani pia ni saa ya ukutani, ni ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, maana baadaye walihamia 43 Sackville Street, na vita ilipoanza 1914 mambo ya kuagiza mashine kwa Mjerumani yakafa palepale. Unganisha na ule mkono wa upanga: baada ya 1904, kabla ya 1914. Tumepata umri na bado hatujafungua kitabu.

Vitabu vipo lakini. Hizi kampuni ziliandika kila bunduki kwenye madaftari, namba, tarehe, mteja, na Rigby mpaka leo ukiwapelekea namba ya bunduki unaweza kulipia wakakutolea maelezo yake. Cheki namba ya kwenye bolti ifanane na ya mwilini, hapa zinafanana, safi.

Vilengeo. Hiki cha nyuma ni cha kukunja, kipande kimoja kimesimama, vingine unavilaza, vimechongwa 100, 200, 300, hizo ni yadi. Katikati ya ile V kuna kamstari cheupe ka platinamu, kembamba hata kamera inahangaika kukashika, subiri, ehee hapo. Kazi yake ni jicho lijue katikati iko wapi bila kufikiri. Mbele kuna kashanga kadogo, na nyuma yake kuna kashanga kengine kakubwa keupe unakanyanyua kwa kidole jua likizama. Mtu alikaa akafikiria dakika kumi za mwisho za mwanga akazitengenezea kifaa chake, hapo nawavulia kofia.

Bolti ngoja niivute, sikilizeni... hakuna kelele ya chuma na chuma. Hii kucha ndefu ya pembeni inaishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, haiiachii mpaka maganda yatoke nje, ndio maana mpaka leo wawindaji wengi wa wanyama wakubwa hawataki kusikia habari ya mfumo mwingine.

Mbao ni wolnati, mafuta tu hakuna vanishi, ncha ya mbele ni pembe nyeusi ya nyati wa Asia. Ile michoro ya mistari iliyochongwa ya kushikia imelainika upande wa kulia, mtu alikuwa anaibeba.

Umaarufu wake? Kwetu Afrika Mashariki jina linalotajwa ni Walter Bell, Mskochi, wakambatiza "Karamojo" kwa sababu alizunguka Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa kaliba hii hii ndogo, wakati wenzake wanabeba mizinga. Hakutumia ile risasi nyepesi, alitumia ndefu nzito isiyopasuka, na alikuwa anapasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Wauzaji wanapenda sana kuisimulia hii ili bei ipande. Mimi naitaja kwa sababu ni kweli na inaonyesha risasi hii inapenya vipi, ila tembo 1,000 kwa ajili ya meno, mwenzenu sipigi makofi. Na madaftari ya London yana jina la mnunuzi tu, yule mbeba bunduki aliyetembea nayo begani porini siku nzima humkuti mle.

Wa pili ni Jim Corbett. Mwaka 1907 huko Champawat, kaskazini mwa India, alimuua chui milia jike aliyehesabiwa kuua watu 436, serikali ikamzawadia Rigby .275, ina kibati cha fedha kwenye kitako kinachoeleza. Mzee huyo 1947 akahamia Nyeri, Kenya, akafia huko 1955, kaburi lake liko St Peter's, makaburi yale yale alipo Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Bunduki yake Rigby waliinunua 2015 ikarudi nyumbani.

Kasoro za hii sasa, maana hamjaja kusikiliza sifa. Moja, kuna mtu zamani alitoboa matundu mawili hapa juu afunge darubini, halafu akaziba kwa skrubu, na hizo skrubu zimelala ovyo ovyo, unaona? Hapo thamani imekatwa na hairudi. Mbili, nyuma ya kitako wameweka raba, imekauka imekuwa ngumu kama mfupa, na kuiweka walikata mbao, kwa hiyo hata ukiitoa urefu wa asili haupo tena.

Halafu msichanganye neno kale na sheria. Hapa Uingereza umri peke yake hauitoi bunduki kwenye leseni, kuna orodha ya kaliba zilizokufa, na 7x57 haijafa, risasi zake zinatengenezwa mpaka kesho. Kwa hiyo hii inataka cheti cha polisi kama bunduki mpya ya juzi, huwezi kuiokota mnadani ukaitundika sebuleni.

Ningenunua? Kwa bei ya Rigby isiyoguswa, hapana, yale matundu yananiuma. Kwa bei ya chini ya hapo, kwa mtu mwenye cheti na anayetaka kupiga nayo shabaha na sio kuifungia kabatini, ichukue leo, mtutu ndani bado mifuo yake ya kuizungusha risasi ni mikali, fundi kaipitisha taa nimeona mwenyewe. Mwenye mali anatikisa kichwa, anasema haiuzwi. Sawa mzee wangu, shika chuma chako. Wiki ijayo fundi kaniahidi bunduki ya Gibbs wa Bristol, ile ya mfumo wa Farquharson wa 1872, haina magazini, inabeba risasi moja tu, na nimeshaanza kuitafutia kasoro kwenye picha.